Waliulizwa "vipi" kabla ya kuulizwa "je": kisa cha betri za Morro Bay

Tuanze na tarehe mbili. Tarehe 5 Novemba 2024, wapiga kura wa Morro Bay, mji wa pwani ya California wenye wakazi kama 10,000 hivi, walipitisha hoja iliyoitwa A-24 kwa karibu asilimia 60 ya kura. Hoja hiyo iliwekea kizuizi mradi mkubwa wa kuhifadhi umeme kwa betri uliokuwa umepangwa karibu na bandari yao. Tarehe 16 Januari 2025, siku 72 baadaye, kituo cha betri cha Moss Landing, zaidi ya kilomita 150 kaskazini katika pwani ileile, kilishika moto mchana na kuwaka usiku kucha. Mmiliki wa kituo kilichoungua ni kampuni ya Vistra. Mwombaji wa Morro Bay alikuwa Vistra huyohuyo.

Kisa hiki kikisimuliwa haraka huwa kinageuzwa: watu waliona moto, wakaingiwa na hofu, wakakataa betri. Kalenda haikubali. Walikataa kwanza, moto ukaja baadaye. Kwa hiyo anayetaka kujua mashauriano yalivunjikia wapi asianzie kwenye moshi. Aanzie miaka mitatu minne nyuma, kwenye kiwanja chenyewe, na kwenye swali ambalo wakazi walilisubiri na halikuulizwa kwa wakati wake.

Kiwanja chenye waya

Morro Bay inajulikana kwa mwamba mmoja mkubwa unaosimama majini mlangoni mwa bandari, urefu wake kama mita 176. Karibu na mwamba huo, tangu miaka ya 1950, ulisimama mtambo wa umeme uliojengwa na kampuni ya PG&E, na minara yake mitatu ya moshi, kila mmoja ukikaribia mita 137. Picha ya mji ilikuwa hiyo: mwamba na minara. Kuna waliouona mwonekano huo kama aibu, na kuna waliouzoea mpaka wakaupenda. Mtambo ulifungwa Februari 2014. Wakati huo kiwanja kilikuwa mikononi mwa kampuni ya Dynegy, na Dynegy ilipoungana na Vistra mwaka 2018 kikaangukia kwa Vistra.

Pendekezo lilikuwa kujenga hapo kituo chenye uwezo wa megawati 600, kinachoweza kutoa nguvu hiyo kwa saa nne, yaani megawati-saa 2,400 kwa jumla. Betri zingekaa ndani ya majengo makubwa matatu, kwenye eneo la takriban hekta 10. Kwa wakati ule, kingekuwa miongoni mwa vituo vikubwa kabisa duniani vya aina yake.

Kwa nini pale? Si kwa sababu ya mandhari, na si kwa sababu mtu alikaa na ramani ya California akapima maeneo yote kisha akasema hapa ndipo panafaa. Mtambo wa zamani uliacha kitu cha thamani kuliko chuma chake chote: njia za umeme wa msongo mkubwa na kituo cha kuungia gridi, yaani mtandao wa umeme wa jimbo, kilicho pembeni. Kupata nafasi mpya ya kuunganisha mradi kwenye gridi huchukua miaka na hugharimu pesa nyingi. Mwenye kiwanja chenye waya tayari ana nusu ya mradi mkononi. Vistra ilifanya hesabu hiyohiyo Moss Landing: mtambo wa zamani wa gesi, minara, bahari, nyaya, halafu betri.

Sioni ubaya katika hesabu hiyo. Ubaya ni kwamba haikuwekwa mezani kwa lugha nyepesi. Mkazi anapouliza "kwa nini hapa na si kule milimani pasipo watu?", jibu la kweli ni fupi: kule hakuna waya, na kuupeleka ni gharama yetu. Jibu hilo linaweza kujadiliwa. Mtu anaweza kuuliza gharama ni kiasi gani, nani ailipe, na je, tofauti hiyo inazidi thamani ya utulivu wa mji? Jibu la kitaalamu kuhusu "ufanisi wa miundombinu iliyopo" halijadiliki, kwa sababu msikilizaji hajui limebeba nini ndani yake.

Haja ya betri zenyewe haikuwa ya kubuni. Agosti 2020, tarehe 14 na 15, California ilikata umeme kwa zamu kwa sababu jua lilizama watu wakiwa bado na joto na viyoyozi, na paneli za jua zikaacha kuzalisha wakati mahitaji hayajashuka. Betri hujaza pengo la jioni. Kufikia Aprili 2024 jimbo lilikuwa limevuka megawati 10,000 za betri, na waendeshaji wa gridi wakaanza kupumua. Hata Diablo Canyon, kinu cha nyuklia kilicho katika wilaya hiyohiyo ya San Luis Obispo, kiliongezewa maisha hadi 2030 kwa sheria ya mwaka 2022, kwa hofu ileile ya upungufu. Anayewaita watu wa Morro Bay maadui wa umeme safi asahau kidogo maneno yake na akumbuke kwamba waliishi na mtambo mlangoni kwa zaidi ya miaka 60, na kinu cha nyuklia jirani.

Minara iliingia ukumbini kabla ya betri

Mwaka 2021 mji na kampuni walifikia makubaliano kuhusu mtambo wa zamani. Kwa ufupi: ama Vistra iangushe minara na jengo la mtambo kufikia mwisho wa 2027, ama iulipe mji dola milioni 3. Kwa mji uliokuwa unaangalia magofu hayo tangu 2014, bila kujua nani atayaondoa na kwa pesa za nani, huu ulikuwa ushindi, na sitaki kuubeza.

Lakini tazama ulivyofanya kazi kwenye mazungumzo. Suala la minara na suala la betri yaliingia ukumbini yameshikana mikono. Hata pale ambapo karatasi inayatenganisha, masikio hayayatenganishi. Aliyetaka minara ianguke akajikuta anahesabiwa upande wa betri. Aliyezipinga betri akaonekana anatetea magofu. Na aliyetaka minara ibaki kama kumbukumbu, maana walikuwapo, hakuwa na kambi kabisa. Mashauriano yanapoanza na zawadi, hata ikiwa zawadi ya halali, kila jibu linalofuata hubeba deni. Mtu hawezi kusema "hapana" bila kuhisi anarudisha kitu alichokwisha pewa.

Kama ningekuwa mshauri wa baraza la mji mwaka ule, ningependekeza jambo moja lisilogharimu chochote: mikutano ya minara ifanyike, iishe, iandikiwe taarifa yake, kisha miezi kadhaa ipite, ndipo mikutano ya betri ianze, na wa kwanza kuzungumza awe mtu asiye na hisa katika minara. Mpangilio wa ajenda unaonekana ni jambo la makarani, na huenda ndiyo maana wanasiasa hawaugusi. Ila hapo ndipo mengi huamuliwa.

Ramani ambayo wakazi walikwisha kuijaza

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, kisa kinapogeuka.

Mwaka huohuo wa 2021 mji ulipitisha mpango wake mkuu mpya wa matumizi ya ardhi. Mipango ya aina hiyo haitungwi kwa wiki moja. Ni miaka ya vikao, rasimu, na wazee wa kamati wanaobishana juu ya rangi za ramani. Katika mpango huo eneo la mtambo wa zamani liliwekwa kwenye kundi la biashara za kuhudumia wageni: hoteli, mikahawa, maduka, sehemu za kutembelea. Viwanda havimo. Ili betri zijengwe, rangi hiyo ilibidi ibadilishwe.

Tafsiri yake ni hii. Wakazi walikwisha kuulizwa: "Mnataka nini kiwe hapo?" Wakajibu. Jibu lao likachapishwa. Wino ukiwa haujakauka vizuri, mchakato mwingine ukaja kuwauliza wangependa betri zikae vipi mahali palepale: majengo yawe na kimo gani, rangi gani, kelele zipunguzwe namna gani, malori yapite barabara ipi wakati wa ujenzi. Swali la "je, ziwe hapa?" lilizikwa ndani ya fomu kama "marekebisho ya mpango". Mkazi aliyekuwa amekaa vikao vya mpango mkuu alikuwa na haki ya kuuliza jibu lake la kwanza limekwenda wapi.

Watu wa miradi wana neno "uchovu wa mashauriano", wakimaanisha watu kuchoka kuitwa mikutanoni. Mimi sidhani watu huchoshwa na mikutano. Huchoshwa na kujibu jambo lilelile mara ya pili kwa sababu jibu la kwanza halikumpendeza mwulizaji.

Mji wenyewe ulikuwa na desturi ya kuamua mambo ya ufukweni kwa kura. Mwaka 1981 wapiga kura walipitisha hoja iliyoitwa D, iliyolinda sehemu ya bandari kwa ajili ya shughuli za uvuvi. Kwa mvuvi wa Morro Bay, kura ya ardhi si maandamano ya watu wenye hasira. Ni chombo cha kawaida cha kazi, kama nyavu. Kampuni iliyosoma historia ya mji ingekijua chombo hicho kilipo kabla ya kuona mtu akikishika.

Ripoti na ukurasa uliokosekana

Katika nusu ya kwanza ya 2024 rasimu ya ripoti ya athari kwa mazingira ilitolewa na kufunguliwa kwa maoni ya umma. Sheria ya mazingira ya California, inayotumika tangu 1970, ni kali kuliko nyingi: mamlaka lazima ijibu kwa maandishi hoja za msingi zilizoletwa, na lazima ilinganishe mradi na njia mbadala, ikiwamo njia ya kutofanya chochote. Wengi tungeona bahati kuwa na sheria kama hiyo. Lakini ina mpaka mmoja ambao wananchi huugundua wakiwa wamechelewa: maoni yao ni ushahidi, si kura. Barua elfu moja zinazosema hapana hupata majibu elfu moja yaliyoandikwa vizuri, na mradi huendelea.

Waliopinga walitaja mambo yanayotarajiwa: hatari ya moto, gesi zenye sumu, shule ya sekondari isiyo mbali na kiwanja, utalii, na mlango wa bahari wenye ndege na viumbe wengi. Nitashika moja tu, la moto, kwa sababu ndilo lililoonyesha pande mbili zikizungumza bila kukutana.

Mhandisi akiulizwa kuhusu moto wa betri hujibu kwa uwezekano. Na ana hoja. Taasisi ya utafiti wa umeme EPRI ilikadiria kwamba kati ya 2018 na 2023 kiwango cha ajali kwa kila kipimo cha betri zilizofungwa duniani kilishuka kwa asilimia 97. Baada ya mlipuko wa Surprise, Arizona, Aprili 2019, uliojeruhi vibaya wazima moto waliokuwa wanachunguza kontena la betri, viwango vilikazwa: nafasi kati ya makabati, njia za kutoa gesi, majaribio ya makusudi ya kuona seli moja ikiwaka moto unasambaa kiasi gani. Yote haya ni kweli.

Mzazi aliyekaa kiti cha nyuma ukumbini hakuuliza "mara ngapi". Aliuliza "ikitokea je". Nani anapiga king'ora? Watoto wanatolewa kwa mlango upi, na upepo wa baharini siku hiyo unavuma kuelekea wapi? Asilimia 97 haimjibu, hata ingekuwa 99. Hapo mhandisi humwona mzazi hasikii takwimu, na mzazi humwona mhandisi anakwepa. Kila mmoja hurudi nyumbani akiamini mwenzake hakuwa na nia njema.

Kuna jambo la kifundi linalofanya swali la mzazi liwe zito kuliko linavyosikika. Seli ya litiamu ikipata joto kupita kiasi hujichemsha yenyewe, na huipasha jirani yake, na jirani humpasha wa tatu. Maji hupoza, lakini hayamalizi kinachoendelea ndani ya seli, na moto unaweza kurudi baada ya siku au wiki. Kwa hiyo wazima moto wengi siku hizi hufundishwa kukaa mbali, kulinda majengo ya pembeni, na kuuacha uishe. Maana yake ni kwamba katika moto mkubwa wa aina hii, mpango wa kuhamisha watu ndio mpango wa kuzima moto. Hakuna mwingine nyuma yake.

Sasa mpango huo kwa kawaida huandikwa lini? Mara nyingi mwishoni: kibali hutolewa kwa sharti kwamba mpango wa dharura utakamilishwa kabla kituo hakijawashwa. Mwaka 2023 California ilipitisha sheria ya kulazimisha vituo vya betri viwe na mpango wa kukabiliana na dharura. Ni hatua. Lakini ukimwomba mtu atoe maoni juu ya mradi huku ukurasa anaouhitaji zaidi ukiwa haujaandikwa, usishangae akiujaza mwenyewe, kwa kalamu ya hofu yake.

Na ushahidi wa kuandikia ukurasa huo ulikuwapo, tena ndani ya makabati ya kampuni yenyewe. Septemba 2021, miezi michache baada ya kuwashwa, Moss Landing ilipata ajali iliyostahili kusomwa kwa sauti katika mkutano wa kwanza kabisa wa Morro Bay. Beringi ya mtambo wa hewa iliharibika na kutoa moshi. Moshi ukaamsha mfumo wa kuua moto kwa maji. Viungio vya mabomba vikavuja, maji yakazimwagikia betri zisizokuwa na tatizo lolote, zikapata shoti na kuungua. Karibu asilimia 7 ya moduli, yaani pakiti za betri, za jengo hilo ziliharibika. Yaani kinga ndiyo iliyoleta madhara. Februari 2022 jengo la pili likapata tukio la kufanana. Septemba 2022, katika kituo cha jirani kinachomilikiwa na PG&E, betri moja ikawaka, barabara kuu ikafungwa na wakazi wakaambiwa wabaki ndani na kufunga madirisha.

Kampuni ilichapisha matokeo ya uchunguzi wa ajali yake ya 2021, na hilo ni la kusifiwa. Ila kuchapisha ni jambo moja, na kwenda nayo mbele ya watu kabla hawajaitafuta ni jambo jingine. Mkazi anayeipata habari kama hiyo peke yake usiku kwenye simu haoni uwazi wa kampuni. Anaona siri aliyoifichua.

Kura, na mlango wa pembeni

Kikundi cha wakazi kilikusanya saini na kuipeleka hoja A-24 kwenye kura. Haikuwa hoja ya kupiga marufuku betri. Ilisema kwamba matumizi ya ardhi yaliyopangwa kwa eneo hilo la ufukweni yasibadilishwe bila ridhaa ya wapiga kura. Werevu wake uko hapo: haikubishana na wahandisi juu ya moto, wala na wachumi juu ya kodi. Ililirudisha swali lililozikwa kwenye fomu, "je, ziwe hapa?", ikaliweka juu kabisa.

Karibu watu wanne katika kila kumi hawakuiunga mkono. Nawataja kwa sababu husahauliwa. Walikuwamo waliotaka kodi na kazi za ujenzi, walioamini kuwa tabianchi haisubiri mji wenye mandhari nzuri, na waliohofu kwamba mji ukifunga mlango, jimbo litafungua dirisha. Hawa wa mwisho walikuwa na sababu.

Mwaka 2022 California ilipitisha sheria iitwayo AB 205. Inamruhusu mwenye mradi wa betri wa megawati-saa 200 au zaidi kuruka halmashauri ya mji na kwenda moja kwa moja kwenye Tume ya Nishati ya jimbo, ambayo hulenga kutoa uamuzi ndani ya siku 270 tangu ombi likamilike. Kibali chake huchukua nafasi ya kile cha mji, ingawa Tume ya Pwani na mamlaka nyingine chache za jimbo hubaki na sauti zao. Kabla hata kura ya A-24 haijapigwa, Vistra iliomba mji usimamishe kazi ya kuchakata ombi lake, na kuashiria kwamba njia ya Tume ya Nishati iko wazi.

Wazee walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kisheria kampuni ilikuwa ndani ya haki yake. Lakini kwa mashauriano hilo ni pigo la mwisho, na linaua kwa kurudi nyuma: miaka mitatu ya mikutano, pamoja na ile iliyofanywa kwa nia safi, inasomwa upya kama maigizo. "Kumbe tulikuwa tunaulizwa mradi tu tukubali." Kinachonikera zaidi ni kwamba AB 205 yenyewe inamtaka mwombaji awe na makubaliano ya kisheria ya kunufaisha jamii ya eneo. Mtu anaruka ukuta wa jirani, kisha anagonga mlango wa ndani akiomba mkataba wa ujirani mwema.

Kuna wanaoitetea sheria hiyo kwamba bila njia kama hiyo kila mji utakataa na gridi itaanguka. Nawaelewa. Ila basi wasiite kinachofanyika mjini "mashauriano". Waiite taarifa: tunawaambia kitakachojengwa, na mnaweza kuchagua rangi ya ukuta. Watu wazima huweza kuvumilia kuambiwa ukweli huo. Wasichovumilia ni kuulizwa, kujibu, na kuona jibu likitafutiwa njia ya kuzungukwa.

Januari

Moss Landing ilianza kuungua mchana wa tarehe 16 Januari 2025. Ilikuwa awamu ya kwanza ya kituo, megawati 300, iliyowekwa ndani ya ukumbi wa mitambo ya zamani. Watu wapatao 1,200 walihamishwa, barabara kuu namba 1 ikafungwa. Wazima moto waliuacha uwake. Shirika la mazingira la serikali kuu baadaye lilikadiria kwamba karibu asilimia 55 ya betri za jengo hilo ziliungua. Vipimo vya hewa vya shirika hilo havikuonyesha floraidi ya hidrojeni, gesi yenye sumu, ikivuka viwango vya hatari. Watafiti wa chuo kikuu cha San José State, kwa upande wao, walikuta nikeli, manganizi na kobalti kwenye tope la kinamasi cha Elkhorn Slough kwa viwango vilivyo juu sana kuliko walivyokuwa wamepima hapo kabla. Baadhi ya wakazi walilalamika kuumwa kichwa na kuhisi ladha ya chuma mdomoni. Februari 18 moto ulirudi tena. Hakuna aliyekufa.

Ghafla wapinzani wa Morro Bay wakawa manabii. Hapa nataka kuwa mwangalifu kuliko mashabiki wao. Moto huo hauthibitishi kwamba mradi wa Morro Bay ungeungua. Betri zilizoteketea zilikuwa za kemia ya nikeli, manganizi na kobalti, zimerundikwa ndani ya jengo moja kubwa, ubunifu wa mwishoni mwa miaka ya 2010. Miradi mingi mipya hutumia litiamu, chuma na fosfeti, ambayo huvumilia joto zaidi kabla ya kuanza kujichemsha, na huwekwa nje kwenye makontena yaliyoachana, ili likiwaka moja lisichukue mengine. Uamuzi wa kura ya Novemba unapimwa kwa yaliyojulikana Novemba. Na kwa kipimo hicho nao unasimama: ajali tatu za Moss Landing, mpango wa dharura usiokuwapo mezani, na ramani iliyokwisha kujazwa.

Jambo ambalo moto ulithibitisha ni dogo zaidi, na kwa kampuni ni chungu zaidi: swali la mzazi lilikuwa ndilo swali. Nani anahamishwa, kwa barabara ipi, kwa muda gani, na nani anapima udongo baada ya hapo.

Mbunge wa jimbo Dawn Addis, aliyewahi kuwa diwani wa Morro Bay, alipeleka muswada wa kuziondoa betri kwenye njia ya AB 205 na kuweka umbali wa karibu kilomita moja kutoka makazi na shule. Umbali huo naona ulichaguliwa kwa hasira zaidi kuliko kwa vipimo, na ungefuta hata maeneo yanayofaa. Iliyonivutia zaidi ni sheria nyingine, ya seneta wa jimbo John Laird, iliyosainiwa mwaka 2025, inayomtaka mwenye mradi akutane na idara ya zimamoto ya eneo kabla ya kuwasilisha ombi. Neno lenye uzito humo ni "kabla". Mzima moto ndiye mtu pekee ukumbini ambaye mhandisi na mzazi wote wawili humsikiliza, na anajua barabara za mji kwa miguu yake. Laiti mtu wa namna hiyo angepewa nafasi ya kwanza kusema, tena akiwa na ruhusa ya kusema "sina magari ya kutosha", mazungumzo ya Morro Bay yangeanzia mahali pengine. Huenda yangeishia palepale, kwenye hapana, lakini mwaka 2021, kabla kampuni haijatumia fedha nyingi na mji haujagawanyika.

Makubaliano ya minara yana tarehe yake bado, mwisho wa 2027. Hayakutegemea kemia ya betri wala siku 270 za Tume, na kuyakagua hakuhitaji mtaalamu: mkazi husimama ufukweni, akageukia mji, akahesabu.